Usifute Hiyo Penseli

SWALI: Shikamoo Babu. Nauza mitumba Mlango Mmoja, hapa Mwanza. Kwenye robota la makoti nimekuta kijitabu chembamba kutoka Marekani, kimeandikwa Boston, Pittsburgh na 1903, na ndani kuna jedwali lililojazwa kwa penseli. Kijana wa steshenari anataka kufuta penseli na kukipiga laminesheni kipendeze, nikiuze. Hiki ni kitu gani? – Mama Robota

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie huyo kijana aweke ufutio chini.

Nimekula mkate wa uchapaji miaka mingi, na kosa hilo nililifanya mwenyewe. Tiketi yangu ya kwanza ya Uwanja wa Kirumba niliipiga laminesheni, na siku nilipotaka kuitoa ilichanika pamoja na plastiki. Inaniuma hadi leo.

Ulichoshika, kikiwa halisi, ni kijitabu cha mechi za kwanza za World Series, fainali ya besiboli. Ligi mbili zilikuwa zimegombana kwa kunyang'anyana wachezaji, zikapatana mwaka 1903, na bingwa wa kila upande akakubali kukutana na mwenzake. Anayetangulia kushinda mara tano ndiye bingwa. Boston ilishinda 5 kwa 3. Mwaka uliofuata New York Giants, bingwa wa ligi mojawapo, walikataa kucheza, fainali haikuwapo. Kwa hiyo aliyenunua kijitabu kile hakujua kama angeshika kingine tena maishani.

Ndiyo maana penseli ni mali. Mashabiki wa besiboli hujaza jedwali wenyewe, pigo kwa pigo, wakiwa jukwaani. Soma matokeo. Ukikuta Pittsburgh 7, Boston 3, basi mwenye penseli alikuwapo tarehe 1 Oktoba, mechi ya kwanza kabisa. Ukikuta Boston 3, Pittsburgh 0, tulia kidogo, kwa sababu matokeo hayo yalitokea mara mbili: mechi ya pili na ya nane, ile iliyotoa ubingwa. Tafuta mstari wa Dougherty, mchezaji wa Boston. Katika mechi ya pili alizunguka uwanja mzima kwa pigo lake mwenyewe, mara mbili. Katika ya nane hakuna aliyefanya hivyo. Mstari mmoja wa penseli unakuambia ni siku gani. Ukiufuta, umemfuta shahidi.

Sasa uhalisi, maana vijitabu hivi vimechapwa upya kwa ajili ya kumbukumbu. Angalia jina la timu ya Boston: likiandikwa Red Sox, si cha 1903, jina hilo walilianza 1908. Kisha kipeleke kwa wakala wa fedha mwenye taa ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi iking'aa weupe wa bluu, ina dawa ya kung'arisha ambayo enzi hizo haikuwapo. Isipong'aa, usishangilie bado, kuna wanaochapa kwenye karatasi kuukuu. Ila ikivuka hapo, usimuuzie mpita njia. Nakala halisi ni chache mno, na minadani kwao hugombewa kwa fedha nyingi.

Kwa leo kiweke kwenye bahasha safi ya karatasi, katikati ya madaftari mawili, kabatini, mbali na ukuta unaopokea unyevu wa ziwa. Kisha niandikie umekuta nini kwenye mstari wa Dougherty.