Mfuko wa Nyumbani: Kwa nini jirani yangu hununua kwa bei nafuu kuliko mimi?

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja, kana kwamba walioziandika walikutana njiani. Nyingi zinauliza namna ya kununua mahitaji ya kawaida bila kulipa bei yote inayotajwa. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo hata wapatanaji hodari hulikosea.

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mbagala, Dar es Salaam. Kila mwisho wa mwezi ninakwenda Tandale kununua nafaka na ninapatana bei mpaka sauti inakauka, lakini fedha haifiki tarehe 20. Mwezi uliopita niliambiwa sado ya maharage ni shilingi 10,000 nami nikapunguziwa hadi 8,500. Nilirudi nyumbani kwa furaha, kumbe jirani yangu, ambaye hapendi hata kubishana, alinunua maharage kama yale kwa shilingi 3,200 kwa kilo. Nilipoyapima ya kwangu kwenye mizani ya mangi, nikakuta ni kilo mbili na robo tu. Mafuta ya kupikia nayo, kipimo cha shilingi 500 mara mbili kwa siku, yananimaliza. Je, kupatana bei ni kipaji ambacho mimi sikujaliwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kipaji unacho, maana kumshusha mfanyabiashara wa Tandale shilingi 1,500 katika sado moja si kazi ndogo. Kilichokuponyoka ni kipimo. Gawanya shilingi 8,500 kwa kilo mbili na robo, utaona kwamba kila kilo ulilipia karibu shilingi 3,780. Sado iliyo nzima, ikijazwa maharage makavu hadi ukingoni, hukaribia kilo tatu. Kwa hiyo kama ungekubali kulipa zile 10,000 bila kupunguziwa hata senti, lakini ukapimiwa kwa kopo zima, kilo moja ingekugharimu kama shilingi 3,330. Ulishinda katika bei, naye akakurudi katika kopo.

Sado, kama unavyojua, ni lile kopo la rangi la lita nne ambalo jina lake limetokana na Sadolin, na kwa kuwa lilitengenezwa kwa ajili ya rangi wala si kwa biashara ya nafaka, hakuna anayelikagua. Litazame kwa makini kabla ya kuuliza bei. Utakuta lililogongwa kitako kikaingia ndani kama kisahani, utakuta lililobonyezwa ubavuni, na utakuta zima kabisa ambalo muuzaji hulijaza huku mkono wake mmoja umekumbatia mdomo wa kopo, ili kichwa kionekane kirefu wakati sehemu kubwa ya kichwa hicho imelala kwenye kiganja chake na hurudi guniani pamoja na mkono. Mwombe kwa upole akupimie kwa mizani. Mizani ya biashara hutakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika, kwa hiyo tafuta stika hiyo na usome mwaka wake. Muuzaji akikataa mizani, hamia meza ya pili bila ugomvi, kwa kuwa Tandale haijawahi kuwa na muuza maharage mmoja.

Kuhusu mafuta, nilifanya jaribio jikoni kwangu. Nilinunua vipimo vya shilingi 500 na kuvimimina kimoja kimoja katika chupa ya maji ya lita moja, na chupa ilijaa kwa kipimo cha kumi na nne. Maana yake ni kwamba lita ile ilinigharimu shilingi 7,000, ilhali katika duka lilelile, rafu ya juu kidogo, chupa ya lita moja iliuzwa shilingi 5,500. Kwa matumizi yako ya vipimo viwili kwa siku, unamaliza takriban lita nne kwa mwezi, na tofauti yake inafika shilingi 6,000. Sisemi kwamba hukujua hesabu. Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa sababu siku ile hana shilingi 5,500 mkononi, na hakuna ushauri wa gazetini unaoweza kumwekea fedha hiyo mfukoni. Ninachoweza kukuambia ni kwamba uanze na kitu kimoja tu. Mwisho wa mwezi huu, kabla ya kununua kingine chochote, nunua mafuta ya lita nne katika chupa, kisha ile fedha ambayo ungempa mtoto kila jioni aipeleke kwa mangi iweke kwenye kopo. Mwezi utakaofuata utakuwa na fedha ya mafuta na baki ya kuanzia sukari. Ukijaribu kubadilisha kila kitu kwa mwezi mmoja, utaishia kukopa nauli.

Jirani yako huyo nadhani ana jambo lingine pia, nalo ni majira. Mahindi na mpunga wa nyanda za juu kusini huvunwa kwa wingi kati ya mwezi wa tano na wa saba au wa nane, na katika miezi hiyo malori hupishana yakishusha mzigo mjini, bei ikilegea. Kufikia Januari hadi Machi, wakati ghala zimepungua na ada za shule zinadaiwa, bidhaa ileile hupanda. Gunia la kilo 100 ni kubwa mno kwa nyumba moja, lakini nyumba nne zikichanga, kila moja hubeba kilo 25 kwa bei ya jumla, na nauli ya guta mnagawana. Mchele mpya, hata hivyo, una hila yake: hushikana sufuriani na hauchambuki vizuri, tena hauvimbi kama wa zamani, hivyo sahani zinazotoka katika kilo moja huwa chache. Kwa hiyo ukinunua mchele wakati wa mavuno, uache ukae kwanza. Mahindi yanayokaa muda mrefu yaweke, yakiwa makavu kabisa, katika ile mifuko maalumu yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya mfuko mmoja wa nje, ukifunga kila mmoja peke yake kwa nguvu, kwa maana dumuzi akikosa hewa hufa kabla hajageuza akiba yako kuwa vumbi.

Madaftari ya shule nayo yana majira yake. Shule zinafunguliwa Januari, na anayekwenda Kariakoo wiki ya kwanza ya Januari anakwenda pamoja na jiji zima. Nenda mwanzoni mwa Desemba, uende na mama wenzako wawili au watatu, na mnunue kwa dazani, maduka mengi ya pale hutoa bei ya jumla kwa idadi ndogo kuliko watu wanavyodhani, wakati mwingine kuanzia vipande sita tu, ila muuzaji hatakutajia bei hiyo mpaka umuulize, "Nikichukua nusu dazani, unanifanyiaje?"

SWALI: Mimi ni kijana ninayeanza kazi ofisini, nami huvaa mitumba. Nikienda soko la Karume pale Ilala, ninaambiwa shati ni shilingi 15,000, ninasema 7,500 kama nilivyofundishwa, na bado rafiki yangu ananunua shati kama hilo kwa 4,000. Je, niseme robo badala ya nusu?

JIBU: Kanuni ya nusu, kaka yangu, wauzaji waliifahamu kabla hujazaliwa, ndiyo maana bei ya kwanza hupandishwa ili nusu yake iwe faida nzuri. Robo nayo itakufanya uonekane mtani. Ni afadhali ujue mtumba unavyosafiri.

Mfanyabiashara hununua belo, ambalo kwa kawaida huwa na kilo kama 45, bila kujua kilichomo ndani yake zaidi ya maandishi ya nje. Belo likifunguliwa alfajiri, wanaolizunguka wa kwanza ni wafanyabiashara wenzake na wenye maduka ya nguo, ambao huchambua mashati yaliyo kama mapya na kuyalipia bei ya juu, kwa kuwa watayafua, watayapiga pasi na kuyauza upya dukani. Kilichobaki hutundikwa na kuuzwa kwa bei ya katikati. Kisichonunuliwa hushushwa chini kwenye turubai, ambapo mchana au kesho yake utasikia sauti ya "buku, buku, chagua mwenyewe". Shati lilelile laweza kupita bei tatu katika siku mbili, na rafiki yako huenda hakukushinda kwa maneno bali alifika saa nyingine. Kama unataka ubora, amka mapema na ukubali kulipa. Kama unataka bei, nenda jioni na uvumilie kuinama.

Ukifika, usianze na shati ulilolipenda. Uliza bei ya lile usilolitaka katika meza mbili au tatu, ndipo utajua soko la siku hiyo limesimama wapi. Kisha chagua vitu viwili au vitatu kwa muuzaji mmoja na mpatane jumla yake, maana yeye huona heri kupunguza katika mzigo kuliko katika kipande kimoja. Kabla ya kutaja chochote, inua shati kuelekea mwanga, tazama kwapa na ukosi, halafu tembeza kidole ndani ya ukingo wa mikono, mahali ambapo kitambaa huchoka kwanza. Kasoro uliyoiona kabla ya kulipa ni hoja ya kupunguziwa, lakini ile uliyoiona nyumbani imekuwa yako. Wauzaji wengi pia hawapendi mteja wa kwanza wa siku aondoke mikono mitupu, wakiamini kwamba huyo ndiye anayefungua biashara, basi ukifika mapema na ukasema kwa heshima, "Nikufungulie," mara nyingi utasikilizwa.

Jambo moja ninakusihi: ukitaja bei na muuzaji akaikubali, nunua. Kumfanya mtu apige hesabu, ashuke, akubali, halafu ukaondoka ukicheka, ni utovu wa adabu, na wiki ijayo meza nzima itakukumbuka.

SWALI: Duka moja la Kariakoo limeniambia kuwa simu niitakayo ni shilingi 420,000 bila risiti, lakini nikitaka risiti ni 480,000. Je, hiyo si nafuu halali ya shilingi 60,000?

JIBU: Si nafuu, na halali pia si. Bei anayotajiwa mnunuzi wa kawaida inatakiwa iwe tayari imebeba kodi. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, si kitu cha kuongezwa pale unapotaja neno risiti. Tena sheria haimbani muuzaji peke yake, kwani hata mnunuzi asiyedai risiti ana kosa.

Tuache sheria, tutazame mfuko wako. Simu isiyo na risiti haina dhamana, kwa kuwa ikizima baada ya siku nne huna karatasi inayosema uliinunua wapi wala lini. Nami ninasema hivi kwa uchungu. Mwaka 2016 nilinunua simu katika duka dogo kwa bei iliyonifanya nijisifu kwa wiki nzima, bila risiti, nikaona nimepata. Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka huo simu bandia zilifungiwa nchini kote, na asubuhi yangu ilikuwa na kioo kinachong'aa kisicho na mtandao. Nilirudi dukani. Muuzaji alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuniona, na kusema kweli sikuwa na cha kumthibitishia vinginevyo.

Kwa hiyo, papo hapo dukani, bonyeza *#06# na ulinganishe zile namba 15 zitakazotokea na zilizoandikwa kwenye boksi. Zikilingana, patana ukiwa umeshatamka wazi kwamba unataka risiti, na ukiulizia wakati huohuo maduka mawili mengine katika mtaa huo. Huenda ukapata kwa 450,000 yenye risiti, au ukaongezewa kava na kioo cha kinga, ambavyo muuzaji huvitoa kwa urahisi zaidi kuliko fedha taslimu kwa sababu yeye huvinunua kwa bei ndogo sana.

SWALI: Mume wangu hunicheka kwa kuwa sipatani bei na mama anayeuza mchicha kwenye kona yetu. Je, ninapoteza fedha?

JIBU: Dada yangu, fungu la mchicha la shilingi 500 likishushwa hadi 400, mumeo ameokoa shilingi mia na yule mama amepoteza huenda faida yote ya fungu hilo. Mimi mwenyewe kwa huyo sipatani. Ninanunua kwake kila siku, ninamsalimu, na mara nyingi kabla sijafunga kikapu anatupia matawi mawili ya ziada au nyanya iliyopasuka kidogo ambayo kwa mchuzi haina tatizo lolote. Mwambie mumeo ahamishie ubishi wake kwa muuza simu.