Mkalishe kwanza: kwa mama wapya wa siku ya mazoezi

Alhamisi iliyopita hapa Wete, tukiwa kwenye benchi tukisubiri zamu za mazoezi ya viungo, mama mmoja kijana alimlaza mwanawe mapajani, akamlegeza kichwa nyuma hadi shingo ikawa kama ya kuku anayesubiri kisu, akaanza kumtilia uji. Nilijikuta nimekwisha kusimama. Hayo nimeyaona kwa mama wengi wenye watoto wa mtindio wa ubongo, na kabla ya wote hao niliyafanya mimi. Basi wadogo zangu, nisikilizeni, na nikiwa mkali mnisamehe.

1. Ulishaji. Mwanangu sasa ana miaka tisa na yumo skuli. Tangu alipoanza uji hadi alipokaribia miaka miwili nilimlisha akiwa amelala, kwa kuwa kila nilipomkalisha alikakamaa na kujitupa nyuma, ilhali akilala uji ulishuka wenyewe. Nikajiona hodari: bakuli zima kwa robo saa! Kila baada ya wiki chache alishikwa na kifua. Niliulaumu upepo wa kusi, nikalilaumu dirisha, nikamlaumu wifi yangu kwa kumwogesha jioni, na nikamchua kwa mafuta ya karafuu mpaka nyumba ikanuka kama ghala wakati wa msimu. Mara tatu alilazwa kwa nimonia, na mara zote tatu, papo hapo kitandani wodini, niliendelea kumlisha vilevile.

Mara ya tatu, muuguzi mmoja mtu mzima alinitazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, tazama dari, halafu meza mate." Jaribuni nyinyi wenyewe. Nilimeza kwa shida. Akaniuliza, "Na yeye, ambaye misuli haimtii?" Sikuwa na jibu. Kumbe uji ulikuwa ukimwingia mapafuni, na ndio uliokuwa ukimletea kifua. Kinachoniuma hadi leo si kwamba sikujua, bali ni kwamba dalili zilikuwa mbele ya macho yangu: alilengwa na machozi kila baada ya vijiko viwili vitatu, na akimaliza kula sauti yake ilikoroma kama mtu mwenye maji kooni. Mimi nilikuwa nikiwaambia wageni, huku nikicheka, kwamba mwanangu akishiba huimba.

Mkalishe wima, nyonga na magoti yamekunjwa, nyayo zimeegemea kitu, kidevu kimeinama kidogo. Uji uwe mzito, kijiko kiwe kidogo, na usitie cha pili kabla hajameza cha kwanza. Akimaliza, abaki wima nusu saa. Wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata kidogo, kwa hiyo kifua kinachorudi rudi kikutoshe kuwa dalili.

2. Akikakamaa usimvute miguu kwa nguvu. Anza kwa kumkunja nyonga na magoti, atalegea. Kumbeba mgongoni kwa kanga, miguu imepanuka, ni mazoezi msiyolipia.

3. Dawa za kifafa haziachwi ghafla kwa sababu mtoto hajaanguka mwezi mzima. Hajaanguka kwa sababu anazinywa.

4. Dai picha ya nyonga, hasa ikiwa mtoto yumo daraja la nne au la tano (si la skuli, bali katika yale madaraja matano ya uwezo wa kutembea; hao wa mwisho ndio wasioweza kutembea bila kusaidiwa). Jeraha la ubongo halienei, lakini mifupa hurefuka na misuli iliyokaza hubaki nyuma, hivyo aliyenyooka akiwa na miaka miwili anaweza kupinda akiwa na sita.

5. Kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Kurani zilizoandikwa kwenye sahani. Sitamkataza mtu kumpeleka mwanawe kwa shehe, maana nami nilimpeleka wangu. Ila kombe ni maji, na chepesi ndicho kinachompalia mtoto kuliko kizito. Mama mkwe wangu alitaka amalize kikombe kizima kwa pumzi moja ili baraka isikatike; nilikwenda kumuuliza shehe mwenyewe, akacheka, akasema baraka haina haraka, mpe kwa kijiko, na kilichobaki mpake kichwani.

Yule mama kijana, baada ya kunisikiliza, alimkalisha mwanawe, mgongo wake ukiegemea kifua changu, akaanza upya. Vijiko vitano vilichukua dakika ishirini. Akanitazama kwa wasiwasi, akauliza, "Dada, tutamaliza saa ngapi?" Nikamwonesha kikaratasi chake cha zamu: alikuwa wa kumi na tisa, na waliokwisha kuitwa ni wanne.