Kijani cha uongo: niliyojifunza nikiunganisha Graylog na majaribio ya usalama

Wadau habari za wikiendi. Mwezi huu tu nimeulizwa mara nne jinsi ya kuunganisha mfumo wa logi (kumbukumbu ambazo mashine inaandika kila kinapotokea kitu) na jukwaa la kujaribu usalama, na kila nikijibu kwa meseji kuna kitu nasahau, basi leo nakaa naandika yote kwa mpigo maana hii kitu ilinila wiki nyingi na sitaki mwingine aangukie shimo lile lile.

Mazingira yangu ni haya. Niko IT kwenye kampuni ya mikopo hapa Dar, kompyuta kama sitini, seva chache na tawi moja Morogoro. Logi zote zinaenda Graylog, programu ya kukusanya na kutafuta logi, ile ya bure, mashine za Windows zinatuma kwa Winlogbeat (kiprogramu cha kusafirisha logi za Windows) kupitia poti 5044, ruta na fayawoli zinatuma kwa syslog, njia ya kawaida ya vifaa kutuma logi. Upande wa majaribio natumia Atomic Red Team, ambayo ni mkusanyiko wa majaribio madogo madogo ya bure unaotunzwa na Red Canary, kila jaribio limepewa namba ya mbinu ya wadukuzi kutoka kwenye orodha ya MITRE ATT&CK. T1136.001 ni kufungua akaunti mpya kwenye mashine, T1053.005 ni kupachika kazi ya kujiendesha yenyewe kwenye Task Scheduler, T1070.001 ni kufuta logi za Windows. Unaendesha jaribio, linafanya kile kile ambacho mwizi angefanya, halafu unaangalia kama mfumo wako umeona. Wenye bajeti wana majukwaa ya kulipia yenye dashibodi nzuri, ila ndani yake kazi ni ile ile.

Na kazi yenyewe ni swali moja tu: saa hii, kwenye mashine hii, nimefanya uovu huu, je wewe logi umeona? Basi. Ugumu wote uko kwenye kuhakikisha jibu unalopewa ni jibu la swali hilo na sio la swali lingine.

Kabla ya kugusa chochote omba ruhusa kwa maandishi. Hili nalisema kwa uchungu kabisa kwa sababu vijana wengi wanaanza kwa hamasa, anajaribu vitu kwenye kompyuta ya mwenzake bila karatasi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina habari na nia yako nzuri. Karatasi yangu ilikuwa ukurasa mmoja, mashine zipi, tarehe ngapi mpaka ngapi, majaribio yapi, bosi akasaini, nakala nikampa na mkuu wa uhasibu kwa sababu mashine mbili zilikuwa za kwake.

Haya tuingie jikoni. Nilianza na skripti ya Python ya mistari michache. Atomic ikiendesha jaribio inaandika kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) linaloitwa Invoke-AtomicTest-ExecutionLog.csv, linakaa kwenye folda ya TEMP, ndani yake kuna muda, namba ya mbinu, jina la jaribio, jina la mashine na mtumiaji. Skripti inasoma mstari, inamuuliza Graylog kupitia API, yaani mlango wa programu kuongea na programu, ikipata logi inaandika kijani, ikikosa nyekundu.

Kwenye API ya Graylog kuna kitu kitakupotezea mchana mzima kama hujaambiwa. Ukishatengeneza tokeni, yaani ufunguo wa siri wa skripti kuingilia, ile tokeni unaiweka sehemu ya jina la mtumiaji, halafu sehemu ya paswedi unaandika neno token, hivyo hivyo herufi tano. Mimi nilikuwa naweka jina langu na tokeni kama paswedi, inanigomea tu, nikadhani fayawoli, nikaanza kufungua poti ambazo hazikuwa na kosa lolote. Na kama swali lako unalituma kwa POST (njia ya kutuma data kwa API) weka na heda (mstari wa maelezo juu ya ombi) ya X-Requested-By, bila hiyo inakataa. Tokeni yenyewe usiitoe kwenye akaunti yako ya admini, tengeneza mtumiaji mpya wa kusoma tu na umpe zile strimu (mafungu ya logi) anazohitaji peke yake, maana hii tokeni itakaa kwenye faili la skripti na siku faili likivuja mtu asipate funguo za nyumba nzima.

Siku ya kwanza majaribio yote 12 yakarudi nyekundu. Hakuna hata moja. Nilishtuka sana kwa sababu nilikuwa naona logi zinamiminika kwenye skrini. Ikanichukua siku mbili kugundua ni masaa. Lile faili la CSV lina safu mbili za muda, moja ya UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma ya yetu kwa masaa matatu) na moja ya hapa kwetu, na mimi nilichukua ya hapa kwetu nikampa Graylog ambaye kwenye API anahesabu kwa UTC. Yaani tukio la saa nne na robo asubuhi, kwenye kompyuta 10:15, mimi nilikuwa namuuliza habari za saa saba na robo mchana, muda ambao hata haujafika. Na hapa sisi Waswahili tuna mtego wetu wa ziada. Nilimpigia dada wa uhasibu kuhakikisha kama mashine yake ilikuwa imewashwa, nikamsomea muda kutoka kwenye ripoti ambayo ilikuwa ya UTC, nikamwambia dada, saa saba na robo kompyuta yako ilikuwa on? Akanijibu kaka saa saba na robo mimi nilikuwa nimeenda kula, niliizima kabisa. Alikuwa anasema kweli, na mimi nilichokuwa nasoma ni 7:15 ya UTC, ambayo kwetu ni saa nne na robo asubuhi na alikuwa amekaa pale pale anafanya kazi. Toka siku hiyo kila ripoti yangu ina UTC peke yake ndani ya mashine, na nikiongea na mtu nabadilisha kwanza kuwa saa za kwetu ndo nafungua mdomo. Hakikisha pia saa za mashine zenyewe zinalingana, kwenye Windows andika w32tm /query /status uone inachukua muda kutoka wapi, mashine moja ya Morogoro ilikuwa imechelewa dakika sita.

Nikarekebisha muda, na hapo ndo likaja kosa kubwa zaidi, lile lililonifanya niandike hii makala.

Atomic inaweza kutuma taarifa zake za majaribio moja kwa moja kwa syslog, nikaona hii nzuri, nikaielekeza Graylog ili kila kitu kiwe sehemu moja. Halafu kwenye skripti, kwa kutaka kurahisisha, swali langu likawa linatafuta namba ya mbinu, jina la mashine na muda. Nikaendesha. Yote 12 kijani. Nilifurahi jamani, nikapiga picha ya skrini nikamtumia bosi, bosi akaipeleka kwenye kikao cha wakuu, na kwa wiki mbili tukawa tunaishi tukijua kwamba mtu akifanya lolote kati ya yale mambo 12 tutamuona.

Kuna dogo tunafanya naye kazi, ana mwaka mmoja tu kazini, jioni moja akaniambia kaka naomba nioneshe hiyo logi yenyewe ya Task Scheduler, nataka nijue inafananaje. Nikafungua Graylog kwa kujiamini kabisa, nikaandika winlogbeat_winlog_event_id:4698, hiyo ndo namba ya Windows ya kazi mpya iliyopangwa, nikachagua siku 14. Sifuri. Nikadhani nimekosea kuandika, nikarudia. Sifuri. Nikaenda kwenye ile logi ambayo skripti yangu iliishika ikaiita kijani, nikaifungua nikaisoma neno kwa neno. Chanzo chake ni syslog. Ndani kuna namba ya mbinu, jina la jaribio, jina la mashine. Ilikuwa ni jaribio lenyewe linajitangaza. Yaani mwizi wangu wa bandia alikuwa anapiga simu polisi kusema naingia nyumba ile, na mimi nikahesabu hiyo simu kama mbwa amebweka.

Nilimpigia bosi usiku ule ule. Ilikuwa ngumu ila bora nilisema, kwa sababu wakuu walikuwa wanafanya maamuzi ya hela kwa kutegemea ile picha.

Dawa yake ni hii, na naomba uifuate kabla ya kuendesha jaribio la kwanza. Taarifa za jukwaa la majaribio ziende strimu yake na indeksi (ghala la kuhifadhia logi) yake peke yake, na mtumiaji wa skripti asiwe na ruhusa ya kusoma strimu hiyo kabisa. Sio kuichuja kwenye swali, hapana, mnyime ruhusa, maana chujio mtu atakuja kulifuta siku moja akiwa na haraka. Halafu usiulize kwa namba ya mbinu. Windows haijui T1053.005 ni nini, hiyo ni namba ya kwetu sisi walinzi. Uliza kwa alama ambayo shambulio linaacha: namba ya tukio 4698, jina la mashine, jina la ile kazi uliyoipachika, ndani ya dakika zile. Na angalia herufi kubwa na ndogo, Graylog kwenye sehemu nyingi inazitofautisha, upande mmoja nilikuwa na uhasibu-02 na upande mwingine UHASIBU-02 na jina la domeni nyuma yake, zikawa hazikutani.

Nilipouliza upya kwa njia hii, kati ya 12 kweli zilikuwa 5. Ya kufungua akaunti ilionekana, 4720, kwa sababu Windows inaandika hiyo bila kuambiwa. Ile 4698 haikuwepo kwa sababu Windows kwa kawaida haiandiki mpaka uwashe ukaguzi wa Other Object Access Events. Endesha auditpol /get /category:* kwenye mashine moja usome kila mstari unaosema No Auditing, utapata picha ya kweli ya nini huwezi kuona. Vivyo hivyo 4688, tukio la programu kuanza, nililiwasha ila likawa linakuja bila amri iliyoandikwa, najua tu powershell imefunguliwa ila sijui imefanya nini, mpaka nikawasha kipengele kingine kwenye Group Policy (mipangilio ya pamoja ya mashine za Windows) cha kuweka na amri nzima. Tahadhari hapo, kuna watu wanaandika paswedi ndani ya amri, nazo zitaingia kwenye logi, kwa hiyo punguza wanaoruhusiwa kusoma. Ukiongeza matukio ongeza na ukubwa wa logi ya Security kwenye mashine, Windows 10 inakuja na MB 20 tu na ikijaa inafuta za zamani.

Jambo lingine, majibu mawili hayatoshi. Majaribio mawili yangu yalikuwa nyekundu kumbe Defender, kinga ya virusi ya Windows, aliyakamata kabla hayajafanya lolote, hakuna alama kwa sababu hakuna kilichotokea. Hapo tafuta matukio namba 1116 na 1117 kwenye logi ya Defender, na kama hauzikusanyi anza leo. Mimi sasa naandika imezuiwa, imeonekana na alati (onyo kwa wahusika) imekuja, imeonekana ila kimya, haijaonekana. Hiyo ya tatu ndo ilikuwa nyingi zaidi kwetu na ndo inayoniumiza, logi ipo imelala kwenye indeksi na hakuna aliyeambiwa.

Na mpe muda. Intaneti ya Morogoro ikikatika Winlogbeat inangoja, ikirudi inaendelea ilipoishia, logi inafika imechelewa ila na muda wake halisi. Skripti yangu inasubiri dakika 10, inauliza, ikikosa inauliza tena baada ya saa moja, ndo inaandika nyekundu.

Kwa mnaotumia majukwaa ya kulipia yanayokaa nje ya nchi, soma vizuri muunganisho unachukua nini. Logi zetu zina majina ya wateja, namba za simu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa kusafirisha taarifa nje. Jukwaa linahitaji kujua ndiyo au hapana, halihitaji logi nzima. Muulize muuzaji swali hilo na umuombe jibu kwa barua pepe.

Halafu kufagia. Atomic ina -Cleanup, iendeshe kila mara. Wiki ya kwanza nilisahau, asubuhi dada wa uhasibu akanipigia, kaka kuna mtu ameingia kwenye kompyuta yangu, naona jina silijui pale pa kuingilia, linaanza na T1136. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nilishuka ngazi mpaka kwake kumuomba radhi uso kwa uso. Sasa hivi kufagia nako nimekuingiza kwenye skripti: ikimaliza inamuuliza Graylog kama 4726 imefika, yaani akaunti imefutwa kweli, kwenye mashine ile ile, na bila hiyo jaribio halifungwi na mimi siondoki ofisini.