Jibu: Mama anameza dawa ya kongosho lakini choo bado kina mafuta

Salaam alekum dada. Umesema mama anameza kapsuli za vimeng'enya (vinavyosaga chakula tumboni badala ya vile vya kongosho) baada ya kula, na choo bado kinaelea na kung'aa mafuta. Angalia kwanza saa ya kumeza. Dawa hii hufanya kazi ndani ya chakula chenyewe, kwa hivyo iende na tonge la kwanza. Baba yangu, mlo ukiwa mrefu, daktari alituambia tuzigawe, nyingine ameze katikati. Mahamri na chai ya maziwa ya jioni pia ni chakula, watu wengi huku kwetu husahau hapo. Chai ya rangi peke yake haihitaji.

Asitafune wala kusaga zile chembe zilizo ndani ya kapsuli: ganda lake huzikinga na asidi ya tumbo, na zikibaki mdomoni huchoma ufizi. Ameze na maji.

Joto la Mombasa huiharibu dawa hii, kwa hivyo chupa isikae dirishani wala jikoni.

Vimeng'enya hivi vimetengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Mama akiingiwa na wasiwasi, asiache kimyakimya. Zungumzeni na daktari na sheikh wenu.

Dozi msiiongeze wenyewe. Tumbo likiuma sana au kuvimba, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.