Maswali ya Wasomaji: Nyumba Tatu, Makochi Yale Yale

SWALI: Dada, shikamoo. Tunashuti tamthilia yetu ya kwanza. Ina nyumba tatu: ya mwalimu mstaafu, mjane, huko Machame, Kilimanjaro, chumba cha kupanga cha mwanawe mpagazi wa mlimani, Pasua mjini Moshi, na jumba la dalali wa madini, Njiro, Arusha. Duka moja la samani limetuazima makochi, makapeti na maua ya plastiki. Tuliowaonyesha vipande vya mwanzo wanasema nyumba zote ni moja, ila rangi ya ukuta imebadilika. Fedha ya kununua vitu vingine hatuna. Tufanyeje?
Mwandaaji, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Vitu vyenu vyote vina mwenyewe mmoja, yule mwenye duka, na kamera imemwona. Kabla kitu hakijaingia kwenye seti, mimi humuuliza mwongozaji: nani alikileta hapa? Akikosa jibu, kitu kinabaki nje.

Tuanze Machame, maana huko ndiko kwenye kazi. Mama yule hajawahi kununua sebule nzima kwa mkupuo. Watoto wanapanda kutoka Dar es Salaam na kwingine kila Krismasi, na kila Disemba inaacha kitu: mwaka huu kochi, mwaka mwingine friji, mwaka mwingine kapeti. Kochi jipya likifika, la zamani halitupwi. Linahamia kibarazani, na lililokuwa kibarazani linakwenda jikoni kukaliwa wakati wa kumenya ndizi. Basi sebule yake iwe na makochi ya umri tofauti, yaliyounganishwa na vitambaa alivyofuma mwenyewe, maana hivyo ndivyo vitu pekee alivyochagua yeye.

Ukutani wekeni picha za mahafali, kila mtoto na joho lake. Yule mpagazi hakufika chuo, kwa hiyo picha yake iwe ya kipaimara, imetundikwa kwenye mstari uleule na wenzake, fremu sawa na zao. Mama hakumshusha. Mkifanya hivyo, mwandishi anaweza kufuta mazungumzo mengi ya sehemu ya kwanza.

Nakuombeni mambo mawili. Machame ni eneo la Walutheri wengi, kwa hiyo msitundike rozari kwa ajili ya urembo, labda kama hadithi inasema mama ametoka Kibosho, kwenye Wakatoliki wengi. Pia nimeona watu wakiweka majani ya isale kwenye chombo cha maua mezani. Isale ni mmea wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, na jani lake hupelekwa kuombea msamaha. Mtazamaji wa Moshi akiliona mezani atasubiri watu wapatane, na kama hakuna ugomvi kwenye hadithi, mmempotezea muda wake.

Mpagazi ana vitu vya thamani kuliko godoro analolalia. Wageni wakishuka mlimani huwaachia wapagazi mabuti, makoti, taa za kichwani. Koti zito la barafuni litundikwe kwenye msumari, hapo Pasua kwenye joto, juu ya godoro lililolazwa sakafuni. Hajafungua mdomo, na kazi yake imeshajulikana. Picha ya Kilimanjaro iondoeni. Hiyo hununuliwa na mgeni.

Makochi ya dukani yote yapelekeni Njiro. Dalali ndiye mtu pekee kati yao aliyenunua kila kitu kwa siku moja. Mwongezeeni kitu kimoja tu alichokuja nacho kutoka Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, kwa mfano mzani mdogo wa kupimia mawe, uwekwe juu ya kabati la vyombo.

Kuhusu fedha: nendeni kwa bibi yeyote mnayemfahamu, mpelekeeni beseni jipya, mumwombe lake la enameli lililobanduka. Wengi hufurahia kubadilishana. Kitambaa kipya mkiloweke kwenye chai ya rangi iliyokolea ili weupe upungue. Meza mpya isugueni kwa msasa pale viganja vinapoegemea tu. Mkisugua kote itaonekana imeharibiwa, haitaonekana imetumika. Na kama hadithi ni ya sasa, mama asirudi sokoni na mfuko wa rambo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

SWALI: Tuna sini ya mwaka 1979 hapa Moshi: baba anarudi nyumbani kutoka vita vya Kagera. Tumepata redio, televisheni ndogo ya zamani, na kalenda ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ambayo tutaibandika namba za mwaka huo. Inafaa?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Redio ibaki, tena iwe mahali pa heshima, kwani habari za vita zilifika kwa redio. Televisheni iondoeni. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara kituo cha kwanza kilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kalenda nayo haifai: KNCU iliundwa mwaka 1933, lakini vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976. Mkipata kalenda yake ya kabla ya hapo, ya zamani kweli, itundikeni ikiwa imepitwa na wakati. Mkulima wa kahawa ambaye hajaishusha anaeleweka. Picha ya rais iwe ya Mwalimu Nyerere peke yake. Jikoni onyesheni uhaba: kipande chembamba cha sabuni juu ya kisahani, makopo matupu yaliyooshwa na kupangwa.

SWALI: Picha zenye vioo zinaonyesha taa zetu na mpiga kamera.
Msomaji, Kijenge, Arusha

JIBU: Toeni kioo, hakuna atakayejua. Kama hakitoki, kunjeni karatasi muipachike nyuma ya fremu upande wa juu, picha iiname kidogo kuelekea chini. Na mkiwa ndani ya nyumba ya watu, friji izimeni wakati wa kurekodi sauti, halafu funguo za gari lenu wekeni ndani ya friji hiyo ili msiondoke kabla ya kuiwasha.