Kumsema bosi hadharani na kubaki kazini

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kumwanika bosi Facebook kwa kuchelewesha mishahara: hapa Kenya, inategemea unasema nini, na ulianza kusema wapi.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kukufuta bila notisi ukimtukana yeye au msimamizi wako. Kwa hiyo kuandika "mshahara wa Machi haujaingia" na kuandika "bosi ni mwizi" ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza unalithibitisha kwa taarifa ya benki. La pili linaweza kukuondoa kazini, na kesi ya kuchafuliwa jina ikufuate.

Kifungu cha 46 nacho kinakulinda: kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kufutwa, isipokuwa lalamiko lionekane halina msingi. Lakini usitegemee posti ya Facebook ihesabiwe kuwa lalamiko. Mwandikie mwajiri barua kwanza, igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Wasipojibu, nenda kwa chama chako cha wafanyakazi au ofisi ya leba. Inaniuma kuona watu wenye haki wakipoteza kazi kwa sentensi moja ya hasira ya usiku.

Wakikuita ujieleze kabla ya kukufuta, kifungu cha 41 kinakupa haki ya kuelezwa kosa na kujitetea ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama. Barua ya kujiuzulu waliyokuandikia wao, usiitie sahihi.