Fedha mdomoni: majibu ya maswali yenu

Shikamoo daktari. Kariakoo nimeuziwa dawa ya meno "ya nano, yenye madini ya fedha", bei mara tatu ya ninayotumia. Nimepigwa? (Tabata)

Marahaba. Fedha imekutoka mfukoni ili ikuingie mdomoni! Kwamba madini ya fedha yanaua bakteria, hilo halina ubishi. Yakiwa chembe za nano, yaani ndogo mara nyingi kuliko bakteria mwenyewe ambaye ana kama nanomita 1,000, hutoa ayoni, yaani atomi za fedha zenye chaji ya umeme, kwa wingi, nazo hung'ang'ania protini za bakteria na kutoboa ukuta wake. Kwenye kichupa cha maabara kazi inaonekana. Lakini mdomoni kuna ukoga. Kesho asubuhi, kabla ya mswaki, pitisha ukucha kwenye jino karibu na ufizi. Ule ute mweupe unaobaki kuchani ni bakteria waliojijengea utando, na dawa ikifika huwapata wa juu tu, wa chini wanaendelea na maisha. Utando huo hubomolewa na mswaki. Geuza boksi, usome yale maandishi madogo: kama kuna floridi, ile inayokinga meno yasioze, 1,000 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa milioni), itumie tu. Kama haipo, rudi kwenye ile ya zamani.

Mwanangu wa miaka minne ametoboka magego mawili na anaogopa sindano. Eti kuna dawa ya kupaka? (Mbagala)

Ipo mama, ni fedha na floridi kwa pamoja, asilimia 38. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Hakuna ganzi wala kuchoronga: tunakausha jino, tunapaka kwa kibrashi, basi. Ila sehemu iliyooza inageuka nyeusi tii. Tone moja liliwahi kuangukia koti langu, doa lipo hadi leo. Hiyo si nano, fedha yake imeyeyushwa; Brazil wametengeneza ya chembe za nano isiyotia weusi. Kama mtoto anaamka usiku kwa maumivu au shavu limevimba, kupaka hakutoshi, mlete.

Maji ya nano fedha ya kunywa, ya kusafisha damu? (Kigamboni)

Usinywe. Fedha hujikusanya mwilini, ngozi ikawa rangi ya majivu, na hairudi.

Bibi aliungua na mafuta ya vitumbua, hospitali wamemfunga bandeji ya fedha. Vijidudu havitazoea? (Temeke)

Swali zuri kuliko yote. Bandeji hizo hutoa ayoni kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa hiyo kidonda hakifunuliwi kila siku. Kuzoea kupo: mwaka 1975 Marekani iliripotiwa bakteria aina ya Salmonella sugu kwa fedha, tena kwenye wodi ya walioungua. Ndiyo maana nakereka kuona fedha inatiwa hadi kwenye soksi. Kwa bibi inahitajika. Asiilowanishe tu, na arudi tarehe aliyopangiwa. Akiungua tena, maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, si dawa ya meno kama mlivyozoea huko nyumbani.